Zamu za Kapasita Sitini na Nne

Mwalimu wangu wa chuoni, bibi aliyenisomesha Kurani pale Wawi tangu nina miaka sita, alikaa kitako kwenye kiti cha karakana, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Alisikiliza mpaka aya ya mwisho. Kisha akasema, "Huyu si mimi. Huyu ana mchanga mdomoni."

Kisanduku kilichotoa sauti ile nilikuwa nimekiunda mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimerudi Pemba na cheti cha ufundi wa redio kutoka Unguja, na nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ndogo ya Tibirinzi, hapa Chake Chake. Mwenye karakana nilimwita Ami, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi za mikarafuu, na yeye mwenyewe alijifunza ufundi peke yake miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, kwa kufungua redio mbovu ambazo watu walikuwa wameshazikatia tamaa. Mama aliponipeleka kwake nikiwa binti wa skuli, alimwambia, "Huyu hana mkono wa jikoni, labda atakuwa na mkono wa waya." Ami alicheka, akanipa pasi ya kulehemu. Ile pasi ninayo mpaka leo.

Mwalimu alikuwa ameugua koo. Alipona, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono wa kukwaruza, akawa hawezi tena kusomesha kwa sauti. Kilichosalia cha kisomo chake ni kaseti alizorekodiwa na wanafunzi kwa miaka mingi, na kaseti hizo zilikuwa zinaota ukungu. Nilizisafisha moja moja kwa pamba, nikazihamishia kwenye kompyuta ya karakana. Kazi ilipokaribia kwisha, umeme, ambao siku hizo bado ulitoka kwenye majenereta, ulikatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza sehemu ya sauti ya ile kompyuta. Kisomo kilikuwa salama ndani yake, ila hapakuwa na njia ya kukitoa kikasikika. Kifaa kingine kingetoka bara, na hakuna aliyejua lini.

Ndipo Ami alipotoa kwenye kabati kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya meza. Zilikuwa kapasita za mika, aina ya zamani isiyoharibika upesi, mamia, alizozitoa kwenye redio za zamani za meli.

"Unakumbuka ile karatasi uliyorudi nayo kutoka chuo?" aliniuliza. "Ya kugeuza namba kuwa sauti kwa kapasita?"

Nilikumbuka. Kompyuta haihifadhi sauti, inahifadhi namba. Ili namba isikike, lazima igeuzwe iwe umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo ndio unaotikisa spika. Kapasita ni kidude kidogo kinachohifadhi chaji. Ukiwa nazo sitini na nne zinazolingana, namba ikisema kumi unajaza kumi, ikisema hamsini unajaza hamsini, na umeme unapanda hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi. Tatizo liko kwenye neno "zinazolingana". Kapasita mbili zilizoandikwa thamani moja hazilingani. Moja imezidi kidogo, nyingine imepungua, basi ngazi moja inakuwa ndefu na ya pili fupi, na sauti inayopita juu yake inajikwaa. Huo ndio mchanga aliousikia mwalimu.

Nilianza kwa kuzipima zote. Nilikuwa na mita moja ya zamani iliyobadilisha mawazo kila nilipoisogelea, kwa sababu hata joto la vidole lilitosha kuipotosha. Nilijifunza kuishika kapasita kwa koleo la mbao, kuiacha itulie, kisha kusoma. Nilizipanga kwenye trei za mayai, kila shimo na namba yake, na kila kipimo nikakiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu la buluu. Mvua ikinyesha vipimo vilihama, nikaanza upya. Ami alikuwa akipita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, anasoma namba bila kusema neno, mara nyingine ananigusa bega. Katika maisha yangu ya utu uzima sijui kama nimewahi kufurahi kama miezi ile.

Nilizipata sitini na nne zilizokaribiana kuliko zote. Nikagundua kwamba hata waya zinazoziunganisha zina tabia ya kapasita, kwa hivyo nikazifupisha, nikazitandaza zilingane urefu. Mchanga ulipungua. Mwalimu alipoletwa tena alitikisa kichwa polepole. "Ninapopaza, ni mimi," alinong'ona. "Ninaposhusha sauti, ananiingia mtu mwingine."

Alikuwa sahihi. Kisanduku changu cha kwanza nilikifunga kwa makundi, kundi la thelathini na mbili, la kumi na sita, la nane, kushuka hadi moja, ikabaki moja ya akiba, maana ndivyo kompyuta inavyohesabu na waya zinakuwa chache. Lakini sauti ya chini huzunguka katikati ya ngazi, na pale katikati ndipo kundi kubwa linapoingia na mengine yote yakatoka kwa pamoja. Tofauti ndogo za kapasita thelathini na mbili zinakusanyika mahali pamoja, tena mahali ambapo mwalimu anasoma kwa upole zaidi.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Jawabu nililipata Wawi kwetu, kwenye mfereji, lile bomba la maji la mtaa. Maji yalikuwa yanatoka asubuhi kwa muda mfupi kisha yanakatwa, na wanawake waligombana kila siku kwa sababu waliotangulia walikuwa wale wale na waliokosa walikuwa wale wale. Mama yangu ndiye aliyewaambia, siku moja nikiwa nimesimama na ndoo yangu, "Leo tunaanzia pale tulipokomea jana." Tangu siku ile hakuna nyumba iliyokosa mara mbili mfululizo.

Niliiacha ndoo pale pale nikarudi ndani kuandika. Nisiyafunge makundi tena. Kila kapasita isimame peke yake, na kila namba inapokuja, nianze kujaza pale namba iliyopita ilipoishia, nikifika ya sitini na nne nirudi ya kwanza. Kwa njia hiyo hakuna kapasita inayolibeba kosa lake mahali pale pale daima. Iliyozidi na iliyopungua zote zinapata zamu, na makosa yao yanafutana. Kinachobaki kinakuwa mvumo mwembamba wa juu sana, na mvumo ni rahisi kuuchuja kuliko mkwaruzo ulioshikamana na sauti.

Hapo ndipo alipoingia mpwa wa Ami.

Alikuwa kijana wa rika langu, kwao Jadida, Wete. Mama yake, dada wa Ami, alikuwa amefariki, na Ami ndiye aliyemlea tangu hapo. Alikuwa anasoma chuo kikuu bara na alikuja kila likizo. Nataka kumtendea haki. Alikuwa mtu mwema kukaa naye, mwenye mzaha, na kichwa chake kilikuwa chepesi. Kisanduku kipya kilihitaji vichipu vingi vya swichi, na yeye ndiye aliyevileta. Kilihitaji programu ya kuzigawa zamu, tena ya kupeleka namba kwa kasi kubwa kuliko sauti ilivyohitaji ili zile sitini na nne zitoshe. Hiyo programu aliiandika yeye, kwa siku nne, akiwa amekaa kwenye benchi langu huku nikimwelezea kutoka kwenye daftari.

"Hili la zamu umelisoma wapi?" aliniuliza.

"Sikulisoma. Nimelitoa mferejini."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Wallahi wewe ni hatari," alisema.

Tulipokiwasha, Ami alizima feni ili tusikie vizuri. Sauti ya mwalimu ilitoka, ikashuka pale inaposhuka, laini, na tukasikia hata pumzi yake kabla ya aya inayofuata. Mwalimu alikuwa ameketi mbele yetu na mtandio wake mweupe. Alifuata kwa midomo, neno kwa neno, bila sauti, na machozi yakimtoka. Ami alikwenda kusimama mlangoni akatupa mgongo.

Likizo ilipokwisha, yule mpwa aliniomba daftari. "Nitalipiga chapa huko chuoni, nikurudishie na nakala safi," alisema. Na kisanduku pia, kwa kuwa bara kulikuwa na mitambo ya kukipima vizuri. Nilimtazama Ami. Ami akasema, "Mpe tu, mwanangu. Si mgeni." Nikampa. Nilikifunga kisanduku kwa kanga ya mama, daftari likawa juu.

Likizo iliyofuata hakuja. Nilimpigia simu, akaniambia daftari liko kwa rafiki yake. Mara nyingine akaniambia mwalimu wake bado analisoma. Baadaye simu ikawa haipokelewi. Nilipomwuliza Ami, alijibu bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiifungua. "Vijana wa chuo wana mambo mengi. Litakuja."

Nilikuja kusikia kwa mwalimu wangu kwamba kutakuwa na mkutano wa wabunifu vijana katika ukumbi mmoja wa Chake. Yeye alikuwa amealikwa kwa sababu kisomo chake kitasikilizwa. "Si mumenialika nyinyi?" aliniuliza. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu nilidhani ni jambo ambalo Ami amesahau kunieleza. Nikavaa buibui langu jipya nikamsindikiza.

Ukumbi ulikuwa na wageni kutoka Unguja na bara. Tulikaa nyuma, upande wa wanawake. Ami alikuwa mstari wa mbele, amevaa kanzu na kofia ya sikukuu. Mpwa wake alipopanda jukwaani nilifurahi kumwona, nasema kweli. Nilinyanyua mkono kidogo, kama mtu anavyofanya akimwona wa kwao.

Akawasha picha ukutani. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari langu, na juu yake jina lake.

Niliutambua mwandiko wangu kabla sijaelewa ninachokiona. Ulikuwa ule ukurasa wa trei za mayai. Hata kosa langu lilikuwepo, pale nilipoandika kapasita ya arubaini na moja mara mbili na kuruka ya arubaini na mbili. Hakuwa amelirekebisha. Akaueleza mkwaruzo, akaeleza makundi na ubaya wake, akaeleza zamu. Alieleza vizuri kuliko mimi. Kisha mgeni mmoja akamwuliza wazo la zamu lilimjia vipi, naye akatabasamu.

"Nilikuwa nawatazama wanawake wa kijijini kwetu kwenye foleni ya maji," alisema. "Kuna siku mmoja wao akasema, leo tunaanzia pale tulipokomea jana."

Maneno ya mama yangu. Kwao Jadida maji yalikuwa ndani ya nyumba.

Watu walipiga makofi. Kisha akakiwasha kisanduku, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza mwalimu. Mwenyewe, aliyekaa pembeni yangu, alinishika mkono kwa furaha, maana hakuwa ameelewa yale maelezo ya kitaalamu. "Mumefanya kazi nzuri," aliniambia sikioni.

Baada ya hapo watu walikwenda kutazama meza za maonyesho. Kisanduku changu kilikuwa pale, na kando yake kulikuwa na barua ndani ya plastiki. Nilidhani ni ya chuo chake. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na mkono ule niliujua kama ninavyoujua uso wa mama, kwa sababu ndio ulionifundisha kuchora saketi. Ami alikuwa amethibitisha kwamba kazi hii, kuanzia upimaji wa kapasita hadi njia ya zamu, ilifanywa katika karakana yake na mpwa wake peke yake, bila msaada wa mtu.

Niliisoma mara mbili. Yule kijana alikuwa ameniibia, na kwa mwizi mtu anajua la kufanya. Anapiga kelele, anashitaki, anawaita watu. Lakini kwa Ami nilikuwa sina la kufanya. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa anazungumza na wageni, akaniona, akageuza uso.

Asubuhi yake nilikwenda Tibirinzi kama kawaida. Alikuwa ameshafungua.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Sikukaa. "Ile barua umeiandika wewe?"

Alichukua muda kuiweka bisibisi mezani. "Nimeandika mimi."

"Ulikuwa unanipita nyuma kila siku. Ulikuwa unazisoma namba zangu."

"Najua."

"Kwa hivyo umeandika nini?"

"Yule ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Dada yangu alikufa ananishika mkono, ananiambia nisimwache. Kijana alikuja kuno karakana, akaniambia bila barua kazi haipokelewi, na isipopokelewa hamalizi masomo. Ningefanya nini?"

"Ungeandika majina mawili."

"Alisema majina mawili hayatakiwi."

"Na mimi, Ami?"

"Wewe ni mwanangu."

"Mwanao umemwandikia nini?"

Kulikuwa na redio mezani imefunguliwa tumbo, akawa anaitazama. Kisha akasema maneno ambayo naamini alidhani yatanipoza. "Wewe una heri yako inakuja. Utaolewa, utakuwa na nyumba yako. Ile barua ingekufaa nini?"

Mpaka dakika ile nilikuwa najizuia. Nilikuwa najiambia amebanwa, hakuwa na njia. Lakini pale nilifahamu kwamba hakuona amenichukulia kitu. Miaka yote ile nilidhani ananifundisha kazi, kumbe alikuwa ananipitishia muda mpaka nitakapoolewa. Niliichukua pasi yangu ya kulehemu, nikaizungushia waya wake, nikatoka. Alinifuata hadi mlangoni akaniita kwa jina. Sikugeuka.

Mpwa alikuja Wawi siku ya tatu. Mama alimkaribisha barazani kwa adabu zote kwa sababu nilikuwa sijamweleza kitu. Alileta kifaa cha sauti cha dukani, kipya, ndani ya boksi lake, zawadi kwa mwalimu.

"Programu niliandika mimi," alisema, kabla sijauliza lolote.

"Ndiyo. Na ningelisema hilo kila ambapo ningeulizwa."

"Huku kisiwani lingebaki daftari tu. Mimi nimelifikisha."

"Lilikuwa na mwenyewe. Umelifikisha bila yeye."

Akainamisha kichwa. Kwa kitambo nilidhani ataomba radhi. "Nikisema sasa, wataninyang'anya kila kitu," alisema.

"Nirudishie daftari langu tu."

Alisema halipo, limebaki chuoni kama sehemu ya kazi yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, ameshasikia ya kutosha. Aliiweka sinia chini, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, yale maneno ya mferejini niliyasema mimi. Wewe hukuwepo." Kijana akaondoka bila kugusa chai, akakisahau kile kifaa barazani. Nilimtuma mtu akirudishe Jadida.

Mwalimu nilimweleza mwenyewe. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaninong'oneza kwamba hataki sauti yake itumike tena kwa jina la mtu asiyemjua. Alimtaka shehe wa msikiti wetu aandike hivyo, akatia alama ya kidole, barua ikapelekwa kwa waliofanya mkutano. Hatukupata jibu. Lakini yeye aliandikisha, na sikuwahi kumwomba.

Kapasita nzuri ziliondoka na kile kisanduku. Ami alimpa mama lile kopo lililobaki aniletee, bila salamu wala maneno, na ndani yake zilikuwa zile nilizozikataa kwa kutolingana. Nilinunua kompyuta ya mtumba iliyo bubu, nikaweka nakala ya kisomo niliyokuwa nayo, nikaunda kingine kwa hizo hizo, nyumbani, kwa zamu vile vile. Programu niliiandika mwenyewe, ikanichukua karibu mwaka. Kilifanya kazi. Zamu ikipita kwa haki, hata kapasita mbovu zinatoa sauti safi, na jambo hilo ndilo ambalo yeye jukwaani hakulisema, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa bado silijui, kwa hivyo halikuwamo daftarini. Kisomo cha mwalimu kilisikika chuoni Wawi mpaka alipofariki, na baada yake.

Yule mpwa alimaliza masomo, akapata kazi nzuri bara. Anapokuja kwao tunapishana barabarani, ananisalimia, namwitikia.

Ami nilikaa miaka sita bila kuingia kwake. Kisha nikasikia macho yamemharibikia, haoni tena waya, na karakana imefungwa. Nilikwenda siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Alikuwa amekaa uani kwake kwenye busati. Alinijua kwa hatua kabla sijasalimia.

"Mwanangu," alisema, "nilikosea."

"Nimesikia, Ami."

"Umenisamehe?"

Nilimwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli kwa kiasi ambacho mtu anaweza kumsamehe mzee kipofu aliyekaa juu ya busati. Mkewe akaleta kahawa na haluwa. Tukazungumza habari za mvua na za watu waliokufa. Akaniuliza siku hizi nafanya nini, nikamwambia nafundisha mabinti ufundi, wako saba. Alifurahi, naamini alifurahi kweli. Akauliza, "Unawaambia ulifundishwa na nani?"

Nilikiweka kikombe chini. Nilitaka kumwambia ndiyo, na neno lilikuwa jepesi, lisingenidhuru chochote.

"Sijawaambia bado," nilisema.

Akatikisa kichwa, akawa anapapasa sinia kutafuta kahawa yake. Nikamsogezea.